Shajara ya mradi wa mizani ya kahawa: kipi kiende bin, kipi sbin

Jumatatu, 9 Juni 2025

Programu ya mapokezi imetulia. Mizani inasomwa bila namba kurukaruka, risiti inatoka, na jumla ya siku inalingana na daftari la mkono. Kilichobaki kabla msimu haujachanganya ni kusakinisha. Mpaka leo kila kitu kimekaa kwenye folda ya nyumbani ya akaunti ya fundi, na anayetaka kuendesha chochote anaandika njia ndefu kuliko jina la programu yenyewe. Kwa majaribio hapa ofisini Moshi mjini tumevumilia. Kule Kibosho, ambako mkulima anasimama mbele ya mizani na kahawa mbivu inayotakiwa kumenywa siku hiyohiyo, haitavumilika.

Tunatengeneza kifurushi cha .deb, faili moja ya kusakinishia programu, kwa kuwa kompyuta zote mbili za chama cha msingi, ya mizani na ya ofisi, zina Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Orodha ya programu kama ilivyo leo ni `pima`, `risiti`, `jumla`, `hali`, `rekebisha`, `nakala`, `rejesha` na `msoma-mizani`. Kijana wetu wa mtandao alishagawa: nne za mwanzo ziende `/usr/bin`, saraka (folda) ya amri za kila mtu, kwa ajili ya karani, nne za mwisho `/usr/sbin`, saraka ya amri za usimamizi, kwa ajili ya wakubwa.

Nikamuuliza kwa nini `rekebisha`, ya kusahihisha uzito, iende sbin.

"Ili karani asiweze kuigusa, kaka."

Nimeahirisha kuunganisha kazi yake mpaka tuongee.

Jumatano, 11 Juni

Tumeongea, na hatukuongea sana, tulikaa kwenye kompyuta. Nilimwambia aingie kwa akaunti ya kawaida, isiyo na mamlaka yoyote, aandike `ifconfig`. Kompyuta ikamjibu kwamba amri hiyo haipo. Nikamwambia aandike `/sbin/ifconfig`. Anwani zote za mtandao zikamwagika kwenye skrini: kadi ya waya, Wi-Fi, kila kitu. Programu ilikuwepo tangu mwanzo na ilikuwa tayari kumtumikia. Kilichokosekana ni jina la saraka hiyo kwenye orodha ya mahali ambapo ganda, programu inayopokea amri unazoandika, linatafuta amri, yaani PATH.

Kwenye Debian orodha hiyo inapangwa ndani ya `/etc/profile`. Akiingia root, akaunti yenye mamlaka yote ya kompyuta, anapewa `/usr/local/sbin`, `/usr/local/bin`, `/usr/sbin`, `/usr/bin`, kisha `/sbin` na `/bin`. Akiingia mtu mwingine yeyote anapewa zile za bin na za michezo tu. Basi, tofauti ndiyo hiyo. Ukiweka programu sbin kwa nia ya kumzuia mtu, umehamishia mlango nyuma ya nyumba bila kuutia kitasa.

Mwongozo unaofuatwa na mifumo mingi ya Linux kuhusu mpangilio wa saraka, FHS, toleo la 3.0 la mwaka 2015, unalisema hili waziwazi: kuitenga sbin na watumiaji wa kawaida hakuongezi usalama wowote wenyewe. Kipimo unachotoa ni kirahisi na nimekiandika ubaoni: kama mtumiaji wa kawaida atawahi kuiendesha programu hii mwenyewe, moja kwa moja, basi mahali pake ni bin. Mfano wao ni `ping`. Msimamizi anaihitaji sana mtandao ukilala, lakini na watu wengine wanaitumia, kwa hiyo inakaa bin. Hata `chfn`, ambayo mtu anaweza kuigusa mara moja kwa mwaka, inakaa bin.

Kijana amekubali, ila ameuliza swali zuri kuliko lile la kwanza: sasa karani tunamzuia na nini?

Ijumaa, 13 Juni

Na hifadhidata. Hili ndilo limekula siku nzima, na nadhani ndilo lilikuwa jambo lenyewe tangu mwanzo.

Tumekuwa tukisema "msimamizi" kana kwamba ni mtu mmoja. Kwenye chama hiki ni watu wawili tofauti kabisa. Yupo msimamizi wa kompyuta, ambaye ni sisi: tunaweka masasisho, tunarejesha nakala diski ikifa. Na yupo meneja wa chama, ambaye hajui na hana haja ya kujua root ni nini, lakini ndiye pekee mwenye haki ya kukubali uzito urekebishwe baada ya risiti kutoka. Karani akikosea namba ya mkulima, kilo 43 zikaingia kwa jirani, meneja anaitwa, anaangalia risiti, anaandika sababu, na mstari mpya unaongezwa bila ule wa zamani kufutwa. Hayo ni madaraka ya ushirika. Kumpa meneja root ili arekebishe kilo 43 ni kumkabidhi mashine nzima.

Tazama `passwd`. Mtu wa kawaida anabadili nywila yake, root anabadili ya mtu yeyote. Programu ni moja, mamlaka mawili, na inakaa `/usr/bin` kwa sababu kila mtu anaihitaji. Inaamua yenyewe, ikishaendeshwa, nani anaruhusiwa nini. `useradd` iko `/usr/sbin`, kwa kuwa hakuna mtu wa kawaida atakayekaa chini kuongeza akaunti.

Kwa hiyo `rekebisha` inakwenda bin. Ruhusa tumeziweka ndani ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata yetu: jukumu la karani linaweza kuongeza mstari kwenye jedwali la mapokezi na kusoma, haliwezi kubadili wala kufuta. Jukumu la meneja linaweza kuongeza kwenye jedwali la marekebisho. Kila mmoja anaingia kwa jina lake. Dada wa hifadhidata aliandika ruhusa zile, kisha akajaribu `rekebisha` kwa akaunti ya karani, kwa jina fupi na kwa njia kamili, na mara zote ikakataa kwa ujumbe wa Kiswahili tuliouandika sisi: "Marekebisho yanafanywa na meneja." Karani anaiona amri, anaweza kuiandika, na anaambiwa ukweli. Mimi naona hiyo ni adabu zaidi kuliko kumwambia amri haipo wakati ipo.

Jumanne, 17 Juni

Kibosho, kuangalia karani anavyofanya kazi. Mvua za masika zimekwisha ila barabara ya ndani bado ina matope.

Karani ni mama mtu mzima, ameandika daftari la mizani miaka mingi na mwandiko wake unasomeka kuliko printa yetu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umeleta kile kimashine?" Tulimfungulia akaunti yake, tukaacha ajaribu, nasi tukanyamaza.

Alichofanya sikukitarajia. Alishaonyeshwa kitufe cha Tab na yule kijana, akakipenda. Haandiki amri, anaandika herufi ya kwanza au mbili, anabonyeza Tab mara mbili, anasoma orodha. Aliandika `r`, Tab, Tab. Debian ikampa kila amri inayoanza na r kwenye PATH yake, ukurasa mzima: `rm`, `rmdir`, `rgrep`, `reset`, na katikati ya msitu huo `rejesha`, `rekebisha` na `risiti`, kwa kuwa katika kifurushi cha majaribio zote tulikuwa tumezitupa bin. Akasoma kwa sauti, polepole, kidole kwenye skrini. Akafika `rejesha`. "Hii ndiyo ya kumrudishia mkulima hela yake?"

`rejesha` inafuta hifadhidata iliyopo na kurudisha ya kwenye nakala. Isingemkubali, inadai root kabla ya kugusa chochote. Lakini kwa nini aione? Hii ndiyo faida halisi ya sbin, na ni faida ya kawaida tu: kupunguza vitu mbele ya macho ya mtu asiyevihitaji. `rejesha` inakwenda sbin, na safari hii kwa sababu sahihi.

La pili nililoondoka nalo ni majina. `/usr/bin` ni ya mfumo mzima, ina mamia ya programu, na sisi tunaingia na majina kama `jumla` na `hali` kana kwamba tuko peke yetu duniani. Kanuni za Debian haziruhusu vifurushi viwili vilete programu zenye jina moja na kazi tofauti. Leo hakuna anayegombania `jumla`. Mwakani mtu wa chama cha maziwa akitengeneza ya kwake, tutagombana.

Mama ameomba pia herufi za risiti ziongezwe ukubwa. Wakulima wengi ni wazee.

Alhamisi, 19 Juni

Mjadala wa ofisini, mrefu. Dada wa hifadhidata amekuja na hoja ya kufuta sbin kabisa kwenye mradi wetu. Hoja yake si ya kubezwa. Arch, mfumo mwingine wa Linux kama Fedora na Ubuntu, iliunganisha saraka hizi mwaka 2013. Fedora 42, iliyotoka Aprili mwaka huu, imefanya `/usr/sbin` kuwa kiungo tu cha kuelekea `/usr/bin`. Ubuntu nayo inampa kila mtumiaji PATH yenye sbin ndani yake, kwa hiyo hata hiyo faida ya macho niliyoisifia Jumanne huko haipo. "Tunapanga samani kwenye chumba kinachobomolewa," alisema.

Historia iko upande wake kidogo. Mgawanyo mwingi wa saraka hizi ulizaliwa na diski kujaa. Miaka ya mwanzo ya 1970 pale Bell Labs, Unix, mfumo ambao Linux inaufuata, ilipozidi diski ya kwanza ya kompyuta ya PDP-11, sehemu yake ilimwagikia diski ya pili iliyokuwa imefungwa kwenye `/usr`, na tangu hapo watu wamekuwa wakitunga sababu za kwa nini iwe hivyo. Sasa diski hazijai kwa programu, na Debian 12 yenyewe inadai `/bin` na `/sbin` ziwe viungo vya kwenda ndani ya `/usr`. Ila bin na sbin Debian bado imeziacha mbalimbali, na kompyuta za chama ni za Debian.

Nilichojibu, na bado nakisimamia: tuweke sbin, lakini tusiitegemee kwa lolote. Maana yake mambo mawili. Kwanza, jina moja lisitokee bin na sbin kwa wakati mmoja. Kuna programu za zamani za Fedora zilizofanya hivyo makusudi, ya sbin ikiwa kazi yenyewe na ya bin ikiwa kijilango cha kuomba nywila, na ndizo zilizowapa taabu wakati wa kuunganisha. Pili, ndani ya msimbo hatuandiki `/usr/sbin` popote. Tunaandika `sbindir`, na anayejenga kifurushi anaijaza. Meson, zana ya kujenga programu, inalo chaguo hilo tayari, pamoja na `bindir` na `libexecdir`. Siku Debian ikiunganisha, hatubadilishi hata mstari.

Ikabaki `msoma-mizani`, ambayo kijana alikuwa ameiweka kwa wakubwa. Hii haiendeshwi na mkubwa wala mdogo. Inaamshwa na systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo, kompyuta ikiwaka, inasoma mizani kwenye mlango wa USB, `/dev/ttyUSB0`, inaweka uzito mahali `pima` inapoukuta. Hakuna binadamu wa kuiandika. Nilimwonyesha OpenSSH, programu za kuingia kompyuta nyingine kwa mtandao, maana pale mgawanyo wote unaonekana kwa mara moja: `ssh` ya watu iko `/usr/bin`, `sshd` inayosubiri wageni iko `/usr/sbin`, na `sftp-server`, inayoitwa na `sshd` tu, imefichwa `/usr/lib/openssh` kwenye Debian na `/usr/libexec/openssh` kwenye Fedora. Haimo kwenye PATH ya mtu yeyote, hata root. PostgreSQL nayo kwenye Debian ni hivyohivyo: `psql` na `pg_dump` ziko `/usr/bin`, ila `initdb` na `pg_ctl` zimewekwa `/usr/lib/postgresql/15/bin`, kwa sababu unatarajiwa kupitia amri za Debian zinazoziita kwa niaba yako.

`msoma-mizani` inakwenda libexec, saraka ya programu zinazoitwa na programu nyingine tu. Na haihitaji root: akaunti yake maalumu imeingizwa kwenye kundi la `dialout`, linalomiliki milango hiyo ya mizani, basi.

Mtu aliuliza kuhusu `/usr/local/bin`. Hapana. Hiyo ni ya mwenye mashine kuweka vitu vyake kwa mkono, na kanuni za Debian zinakataza kifurushi kuweka faili humo. `/opt` ni halali kwa programu za nje, lakini `/opt/kahawa/bin` haimo kwenye PATH ya mtu, tungerudi kwenye kuweka viungo.

Jumatatu, 23 Juni

Uamuzi. Majina manane yamekuwa mawili yanayoonekana na moja lisiloonekana.

`/usr/bin/kahawa` ni ya karani, mhasibu na meneja. Ndani yake kuna kazi ndogo: `kahawa pima`, `kahawa risiti`, `kahawa jumla`, `kahawa hali`, `kahawa rekebisha`. Tab imefundishwa kuonyesha hizo tu baada ya neno la kwanza, kwa hiyo mama hataona `rmdir` tena.

`/usr/sbin/kahawa-mfumo` ni yetu sisi mafundi: `andaa`, `nakala`, `rejesha`. Ya kwanza kati ya hizo ni mpya, inaunda hifadhidata na majukumu mara baada ya kusakinisha.

`/usr/libexec/kahawa/msoma-mizani` ni ya systemd.

`nakala` ndiyo iliyobishaniwa mpaka mwisho. Inahitaji mamlaka ya juu kwa kuwa inagusa hifadhidata nzima, lakini mhasibu anataka kuichukua mwenyewe kwenye flashi kila Ijumaa kabla hajafunga ofisi, na ana haki, sisi tuko Moshi na flashi iko Kibosho. Kwa kipimo cha ubaoni, anaiendesha mwenyewe, basi iende bin. Hata hivyo tumeiacha sbin na kumwekea mstari mmoja chini ya `/etc/sudoers.d`, penye ruhusa za sudo (amri ya kuendesha jambo kwa mamlaka ya root), unaomruhusu `/usr/sbin/kahawa-mfumo nakala` na si neno jingine baada ya jina la programu. Akiandika `rejesha` sudo inamkatalia. Na kwa kuwa sudo ya Debian ina PATH yake yenye sbin, anaandika `sudo kahawa-mfumo nakala` bila njia ndefu. Si safi kinadharia. Ni mtu mmoja, amri moja, na imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Hapo ndipo ilipoonekana kwa nini haya yaamuliwe kabla ya kusambaza. Mstari wa sudoers unadai njia kamili. Faili ya systemd inayo njia kamili. Ratiba ya cron, inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa, inayo njia kamili, maana ratiba ya mtumiaji kwenye Debian inapewa PATH ya `/usr/bin` na `/bin` peke yake, na amri fupi ya sbin ingeshindwa usiku bila mtu kujua. Ukihamisha programu baadaye unavunja vyote hivyo kwenye mashine ambazo huzioni.

Jambo jingine limewekwa kwenye maelezo ya fundi: tangu Debian 10, ukiandika `su` tupu unakuwa root lakini unabaki na PATH ya yule uliyekuwa. `kahawa-mfumo` itaonekana haipo. Andika `su -`. Kijana amelichekea hilo, kisha akaliandika kwa herufi kubwa.

Ijumaa, 27 Juni

Kifurushi kimejengwa na kusakinishwa kwenye mashine safi ya Debian 12, kisha tukajenga cha rpm, aina inayotumika Fedora, kwenye Fedora 42 kwa kujihakikishia tu. Kule `kahawa` na `kahawa-mfumo` zimekaa saraka moja bila kugongana, na hakuna msimbo uliobadilishwa. Dada wa hifadhidata ameitazama orodha ya faili, akasema sawa.

Kurasa za msaada zimefuata mgawanyo uleule: ya `kahawa` imeingia sehemu ya 1, ya amri za watumiaji, na ya `kahawa-mfumo` sehemu ya 8, ya usimamizi. `msoma-mizani` haina ukurasa. Zote mbili ni za Kiswahili.

Yaliyobaki kwa toleo lijalo: herufi za risiti, swali la mhasibu kama `kahawa jumla` inaweza kutoa jumla ya msimu na si ya siku tu (inaweza, ni jedwali lilelile), na kuondoa ile akaunti ya fundi kwenye kompyuta ya mizani pamoja na folda yake ya zamani, ambayo bado ina nakala za programu zote nane. Jumatatu kijana anapanda Kibosho na flashi.